Lubumbashi–Kinshasa ni masaa mangapi? Hesabu ya kweli kwa msafiri wa Kakontwe

Tikiti ya ndege inaweza kumpoteza mtu bila kuandika uongo hata mmoja. Chukua mfano huu: kuondoka Lubumbashi 10h00, kufika Kinshasa 11h15. Mtu anahesabu kwa vidole, anasema safari ni saa moja na robo. Kisha anaangalia tikiti ya kurudi: kuondoka Kinshasa 10h00, kufika Lubumbashi 13h15. Hapo anapata masaa matatu na robo. Ndege ni ile ile, njia ni ile ile, na bado kuenda na kurudi kunatofautiana kwa masaa mawili.

Kwa watu wa Kakontwe na Likasi yote wenye kuenda Kinshasa juu ya viza, masomo, matunzo ya hospitali, biashara ao kilio cha ndugu, hili si jambo la kucheka tu. Mwenye kukosea saa anakosa randevu aliyoingojea miezi. Mwenye kupanga vibaya siku ya kurudi anajikuta usiku kwenye barabara ya Likasi, katikati ya malori. Na mwenye kuamini kwamba Kinshasa ni «masaa mawili tu» anashangaa kuona siku nzima imekwisha kabla hajafika mlangoni kwa watu wake.

Habari hii inaeleza kilomita zinatoka wapi, masaa yanatoka wapi, na kwa nini namba hizo mbili hazisemi kila kitu.

Kilomita zinapimwa namna gani

Kuko namna mbili ya kupima umbali kati ya miji miwili. Ya kwanza inafuata njia ya watu: barabara, reli, mto. Ya pili inavuta kamba moja kwa moja juu ya uso wa dunia, bila kujali milima, misitu wala mipaka ya nchi. Umbali wa ndege unahesabiwa kwa namna hii ya pili.

Kila uwanja wa ndege uko na anwani yake juu ya dunia. Uwanja wa Luano, Lubumbashi, uko kwenye degre 11.6 kusini ya ikweta na degre 27.5 mashariki. Uwanja wa N'djili, Kinshasa, uko kwenye degre 4.4 kusini na degre 15.4 mashariki. Ukitoa, unapata tofauti ya degre 7.2 kati ya kusini na kaskazini, na degre 12.1 kati ya mashariki na magharibi.

Degre moja ya kusini kuenda kaskazini ni kilomita 111 hivi. Degre moja ya mashariki kuenda magharibi, katika sehemu yetu ya dunia, ni kilomita 110 hivi. Inapunguka kadiri mtu anavyoondoka kwenye ikweta, kwa sababu mistari hiyo inazidi kukaribiana mpaka inakutana kwenye ncha za dunia. Kwa hiyo tuko na kilomita 799 upande mmoja na kilomita 1,331 upande mwingine.

Mwanafunzi wa sekondari anajua kinachofuata, ni ile kanuni ya Pythagoras ya pembetatu. 799 mara 799, jumlisha 1,331 mara 1,331, kisha tafuta kipeo chake: inatoka 1,552. Kompyuta yenye kuhesabu na uviringo wa dunia inatoa karibu namba ile ile. Njo maana mtu anaweza kusema bila woga kwamba Lubumbashi na Kinshasa zinaachana kwa kilomita 1,550 za angani.

Mstari wenyewe unapita karibu na nyumbani

Mwenye kuchora mstari huo kwenye ramani anaona kitu cha kushangaza. Ukitoka Luano, mstari unaelekea kaskazini-magharibi, na kabla haujaenda mbali unapita kusini kidogo ya Likasi, kilomita kumi na kitu tu. Halafu unapita kaskazini ya Kolwezi, unaingia Lualaba mpaka mwisho, unakata pembe ya Angola upande wa Dundo, unarudi Congo kupitia Kwango, na kufika Kinshasa.

Maana yake, mtu wa Kakontwe anapanda bisi asubuhi, anaenda kilomita 120 upande wa kusini-mashariki mpaka Lubumbashi. Anapanda ndege, na kama rubani anafuata mstari ule, dakika kumi na tano hivi baada ya kuruka anapita karibu na paa za nyumba yao, machimbo ya mawe ya chokaa yakiwa chini yake. Masaa yote ya asubuhi kwenye barabara yalikuwa ya kurudi nyuma.

Hata hivyo, ndege haifuati mstari wa kalamu. Angani kuko njia zilizochorwa, kama barabara, na marubani wanatoka alama moja kuenda nyingine wakisikilizana na watu wa minara ya kuongoza ndege. Katika nchi yetu kazi hiyo iko mikononi mwa RVA, yaani Régie des Voies Aériennes. Kwa hiyo kilomita za kweli zenye kurukwa zinazidi kidogo zile 1,550.

Masaa mawili yanategemea aina ya ndege

Ndege kubwa za jeti zenye kufanya njia hii, kama Airbus A320 ao Boeing 737, zikishafika juu zinakimbia karibu kilomita 830 kwa saa. Ukigawa 1,550 kwa 830 unapata saa moja na dakika 52. Lakini ndege haiondoki na mbio hiyo. Inatembea chini kwanza mpaka mwanzo wa pisti, inaruka, inapanda polepole, na ikikaribia inapunguza mwendo, inajipanga na kushuka. Yote hayo yanaongeza dakika 20 ao zaidi. Njo pale kompanyi zinapoandika masaa mawili na robo hivi.

Ndege za panga, zenye helisi mbele ya mabawa, ni hesabu nyingine. Ile inayoitwa Dash 8 ya aina ya Q400 inakimbia karibu kilomita 650 kwa saa, kwa hiyo safari inakuwa masaa mawili na dakika 45 hivi. ATR 72 na Fokker 50 zinakimbia karibu kilomita 500 kwa saa. Hapo ni zaidi ya masaa matatu na robo. Kwa hiyo mtu akiuliza «ni masaa mangapi», jibu zuri ni kumuuliza pia: «kwa ndege gani?»

Tena kuko jambo la kusimama njiani. Ndege ikipitia Mbuji-Mayi, mtu anafikiri umbali umekuwa mkubwa sana. Si hivyo. Lubumbashi mpaka Mbuji-Mayi ni kilomita 750 hivi, na Mbuji-Mayi mpaka Kinshasa ni 920 hivi. Jumla ni 1,670, yaani kilomita 120 tu za kuongeza. Kinachokula wakati ni kushuka, kutoa watu na bagaji, kuingiza wengine, pengine kutia mafuta, na kupanda tena. Hapo msafiri anaacha saa moja na nusu bila shida. Katika safari za ndani ya Congo, mara nyingi wakati unapotea chini kuliko juu.

Saa moja yenye kuenda na kurudi

Sasa turudi kwenye tikiti. Congo iko na saa mbili. Kinshasa, Kongo-Central na majimbo yaliyotoka katika Bandundu na Équateur ya zamani yanafuata saa ya magharibi. Katanga yote ya zamani, Kasai zote, Kivu zote mbili, Maniema na majimbo yaliyotoka katika Province Orientale yanafuata saa ya mashariki, ambayo iko mbele kwa saa moja. Kinshasa ikiwa 10h00, Likasi ni 11h00.

Sababu ni jua. Dunia inazunguka degre 15 kila saa, yaani degre moja kila dakika nne. Tuliona kwamba kati ya Luano na N'djili kuko degre 12.1. Zidisha kwa nne: dakika 48. Saa sita ya mchana ya jua, pale kivuli kinapokuwa kifupi, inafika Lubumbashi dakika 48 mbele ya Kinshasa. Serikali haziwezi kupanga saa kwa dakika 48, kwa hiyo zinakata kwa saa nzima.

Tikiti inaandika saa ya kuondoka kwa saa ya mji wa kuondoka, na saa ya kufika kwa saa ya mji wa kufika. Ndege ya 10h00 kutoka Lubumbashi inaruka masaa mawili na robo, inafika 12h15 kwa saa yetu, lakini Kinshasa wakati huo wanasoma 11h15. Kwa kurudi, ndege ya 10h00 ya Kinshasa inaondoka wakati Lubumbashi ni 11h00. Inaruka masaa mawili na robo ile ile, inafika 13h15. Saa iliyopatikana kwa kuenda inalipwa kwa kurudi.

Kanuni ya kukamata ni fupi. Kuenda Kinshasa, ongeza saa moja juu ya tofauti yenye kuandikwa kwenye tikiti. Kurudi huku, punguza saa moja. Kila mara jibu litakuwa lile lile.

Makosa mengi yanatokea kwenye telefone. Telefone yenye kuwekwa kwenye saa ya otomatiki inajibadilisha yenyewe ikishapata rezo ya Kinshasa. Ile yenye kuwekwa kwa mkono inabaki na saa ya Likasi. Mtu wa kwanza anafika kwa wakati. Wa pili anaenda mbele saa moja, anangojea, hakuna hasara kubwa. Hatari iko kwa kurudi: mwenye kubaki na saa ya Kinshasa mkononi akirudi Lubumbashi anafikiri ni 07h00 wakati ni 08h00, na kazi ao mtihani umekwisha kuanza. Na hata asiyesafiri anaguswa: mkutano wa kwenye intaneti wenye kuitishwa «14h00 saa ya Kinshasa» ni 15h00 mu Likasi.

Mvua na kungojea

Kuanzia Novemba mpaka mwezi wa tatu ao wa nne, Katanga iko katika mvua. Kinshasa nayo inapata mvua kutoka mwezi wa kumi mpaka wa tano. Mawingu makubwa ya radi yanapanda juu kuliko njia ya ndege za jeti, na rubani mwenye akili hayapiti katikati. Anayazunguka, na kilomita zinaongezeka. Akifika juu ya uwanja na kukuta mvua kali, anaweza kuzunguka angani akingoja, ao kurudi, ao kushuka kwenye uwanja mwingine. Brazzaville iko ng'ambo ya mto tu.

Abiria wengi wanakasirika katika hali hiyo. Lakini Congo imelipa bei kubwa juu ya mvua na viwanja. Tarehe 8 Julai 2011, ndege Boeing 727 ya Hewa Bora iliyotoka Kinshasa ilianguka ikitaka kushuka Kisangani, uwanja wa Bangoka, wakati wa mvua kali. Watu zaidi ya 70 walikufa. Saa moja ya kungojea juu ya mawingu, ao chumba cha kulala kisichopangwa katika mji mwingine, ni nafuu mbele ya hiyo.

Septemba 1961: wakati ndege ilizunguka Katanga

Historia ya hapa inaonyesha vizuri namna umbali na wakati vinaweza kuachana. Septemba 1961, Likasi iliitwa bado Jadotville. Askari wa Ireland karibu 155, waliotumwa na Umoja wa Mataifa chini ya kamanda Pat Quinlan, walizungukwa na jeshi la Katanga iliyokuwa imejitenga. Walipigana kuanzia tarehe 13 mpaka tarehe 17, kisha risasi na maji vikakosekana, wakakamatwa. Ndege ya vita ya Katanga, aina ya Fouga Magister, iliwashambulia kutoka juu.

Jioni ya tarehe 17, Katibu mkuu wa Umoja wa Mataifa, Dag Hammarskjöld, aliondoka Léopoldville, yaani Kinshasa ya leo, kuenda Ndola kuonana na Moïse Tshombe. Kutoka Kinshasa mpaka Ndola moja kwa moja ni kilomita 1,740 hivi. Kwa ndege yake ya DC-6, yenye kukimbia karibu kilomita 500 kwa saa, ingekuwa kama masaa manne. Lakini mstari wa moja kwa moja ulipita juu ya Katanga, na Katanga ilikuwa na Fouga. Rubani akazunguka mashariki, upande wa ziwa Tanganyika, kisha akashuka kusini.

Ndege iliondoka 16h51 saa ya Léopoldville. Ilipita juu ya Ndola karibu 00h10 saa ya Ndola. Mwenye kuhesabu haraka anapata masaa saba na dakika 19. Ukiondoa ile saa moja ya tofauti, inabaki masaa sita na dakika 19. Dakika chache baadaye ilianguka msituni. Watu wote 16 walikufa, mmoja wao baada ya siku chache hospitalini. Umoja wa Mataifa ulifungua tena uchunguzi wa sababu miaka zaidi ya hamsini baadaye.

Kabla ya jeti: reli, mto na ndege za kusimamasimama

Wazee wa Likasi wanajua njia nyingine ya kuenda Kinshasa. Ni reli, leo chini ya SNCC: Likasi, Tenke, Kamina, Mwene-Ditu, Kananga, mpaka Ilebo. Kutoka Lubumbashi mpaka Ilebo ni zaidi ya kilomita 1,500 za reli. Pale Ilebo reli inakwisha kwenye mto Kasai, na msafiri anapanda boti kwa kilomita 800 hivi mpaka Kinshasa. Mfalme Albert wa Ubelgiji alizindua reli ya Ilebo, iliyoitwa Port-Francqui, mwaka 1928. Njia hiyo yote inazidi kilomita 2,300, na haihesabiwi kwa masaa ila kwa siku, na mara nyingine kwa majuma.

Barabara ya taifa namba 1 nayo inaunganisha Kinshasa na Lubumbashi kupitia Kikwit, Tshikapa, Kananga, Mbuji-Mayi, Kolwezi na Likasi yenyewe. Ni zaidi ya kilomita 2,000, na sehemu nyingi wakati wa mvua ni matope. Gari linalotoka Likasi asubuhi linafika Lubumbashi kabla ya mchana; linaloelekea Kinshasa halina siku ya kufika.

Kwa ndege, Sabena ilianza kuunganisha Léopoldville na Elisabethville katika miaka ya 1920, kwa ndege ndogo zenye kusimama mara nyingi njiani na zisizofika kilomita 200 kwa saa. Baada ya uhuru kukaja Air Congo mwaka 1961, ikaitwa Air Zaïre mwaka 1971, ikafilisika mwaka 1995. Congo Airways ilianza kuruka Oktoba 2015 na ndege za Airbus A320. Desemba 2024 kampuni mpya yenye jina la zamani, Air Congo, ilianza na ndege mbili za Boeing 737, serikali ikiwa na asilimia 51 na Ethiopian Airlines asilimia 49. Kilomita 1,550 hazijapunguka hata moja tangu wakati wa wakoloni. Kinachobadilika ni idadi ya ndege zenye kufanya kazi, na ndege zikiwa chache, moja ikiharibika, wasafiri wa siku nzima wanabaki chini.

Nani jirani wa Lubumbashi?

Ukipima kwa kamba ile ile kutoka Luano, ramani inasema mambo ambayo watu hawayafikiri. Ndola iko kilomita 200 tu, Lusaka kilomita 430 hivi. Dar es Salaam ni kilomita 1,380 hivi: mji wa bahari ya Tanzania uko karibu kuliko Kinshasa. Nairobi ni 1,540 hivi, sawa na mji mkuu wetu. Johannesburg ni kama 1,610, yaani kilomita 60 tu zaidi ya Kinshasa.

Hii inasaidia kuelewa kwa nini biashara ya Katanga inaangalia kusini na mashariki. Reli ilifika Elisabethville mwaka 1910 ikitoka kusini, miaka 18 mbele ya reli ya Ilebo. Hata leo malori ya shaba na kobalti yenye kupita Likasi yanaelekea Kasumbalesa, si Kinshasa.

Na kwa ndugu wa mashariki: Lubumbashi mpaka Bukavu ni kilomita 1,040 hivi, mpaka Goma 1,120 hivi, mpaka Kisangani 1,360 hivi. Kutoka Kinshasa mpaka Goma ni karibu 1,560. Maana yake, mtu wa Goma na mtu wa Lubumbashi wote wanaachana na mji mkuu kwa umbali ule ule. Lakini tangu mwisho wa Januari 2025, M23 ilipoingia Goma, ndege za kawaida za abiria zilisimama pale, na uwanja wa Kavumu, Bukavu, ukafuata mwezi wa pili. Uwanja ukifungwa, kilomita 1,120 za ramani hazina maana tena. Msafiri anapita nchi za jirani, mipaka miwili ao mitatu, na safari ya asubuhi moja inakuwa ya siku kadhaa.

Hesabu ya mlango kwa mlango

Tuseme mama mmoja wa Kakontwe iko na randevu Kinshasa, katikati ya mji, na anataka kuenda na ndege ya 10h00. Kompanyi zinaomba abiria awe uwanjani masaa mawili mbele, yaani 08h00. Kutoka Likasi mpaka Lubumbashi, kilomita 120, ni masaa mawili barabara ikiwa huru. Malori yakijaa ao kukiwa foleni kwenye peaje, inazidi. Kisha kuvuka mji mpaka Luano, nusu saa ao zaidi. Ukiongeza pikipiki ya kumtoa Kakontwe mpaka kwenye bisi, inafaa aondoke nyumbani mbele ya 05h00. Tuweke 04h30.

Anafika N'djili 11h15 ya Kinshasa. Kutoka na bagaji kunamfikisha 12h00. Uwanja uko kilomita 25 hivi kutoka katikati ya mji, kwenye boulevard Lumumba, na foleni ya motoka inaweza kumshika saa moja ao mawili. Tuseme anafika 14h00. Kwa saa ya Kakontwe ni 15h00. Kutoka 04h30 mpaka 15h00 ni masaa kumi na nusu, na kati ya hayo, ndege yenyewe ni masaa mawili na robo tu.

Kwa hiyo randevu ya 14h00 siku ile ile ni kubahatisha. Ndege ikichelewa masaa mawili, jambo linalotokea, randevu imekufa. Wenye kuzoea njia hii wanalala Lubumbashi usiku mmoja mbele, na wanafika Kinshasa siku moja mbele ya randevu. Gharama ya kulala inaonekana nyingi, lakini tikiti ya kurudia ni nyingi zaidi.

Kwa kurudi, ile saa moja inauma. Ndege ya 14h00 kutoka Kinshasa inafika Luano 17h15. Mpaka mtu atoe bagaji, ni karibu 18h00, na wakati wa kiangazi jua limekwisha kutua. Mwenye kuchukua njia ya Likasi saa hiyo anasafiri usiku katikati ya malori ya mizigo. Mwenye kuweza kuchagua, achague ndege ya asubuhi kwa kurudi, ao alale Lubumbashi.

Wengine wanafikiria Kolwezi, ambayo nayo iko na uwanja. Kutoka Likasi ni kilomita 180 hivi, 60 zaidi kuliko Lubumbashi. Inafaa tu kama siku na bei ya ndege ya Kolwezi vinamkubalia msafiri.

Kabla ya kulipa tikiti, kuko maswali ya kuuliza kwenye ofisi ya kompanyi: ni ndege ya jeti ao ya panga? Inaenda moja kwa moja ao inasimama njiani? Bagaji ni kilo ngapi? Go Pass iko ndani ya bei ao inalipwa pembeni? Na ndege isiporuka, kompanyi inafanya nini? Siku ya kuondoka, piga telefone asubuhi mapema mbele ya kuacha Likasi, kwa sababu habari ya kuchelewa ikikukuta nyumbani haikupotezei kitu. Na kwenye karatasi moja andika saa mbili, ya kule na ya hapa, uipatie na mtu atakayekupokea, ili asikungojee saa moja bure mlangoni pa N'djili.